Nairobi hadi Lamu kwa ndege: pima masafa mwenyewe, kisha uyageuze kuwa saa

Kila Maulidi yanapokaribia, au shule zinapofunga mwisho wa mwaka, sisi tunaokaa Amu, yaani Lamu, huulizwa na jamaa wa bara swali lile lile: "Kwani kwa ndege huko kwenu ni mbali gani?" Jibu fupi lipo. Kutoka uwanja wa Wilson hadi uwanja wa Manda ni takriban kilomita 467 kwa mstari ulionyooka. Ukiondokea Jomo Kenyatta, yaani JKIA, ni kama kilomita 455.

Lakini anayeishika nambari hiyo peke yake atapanga safari vibaya, kwa sababu ndege haimfikishi mtu Lamu. Inamfikisha Manda, kisiwa kingine, na bado pana maji ya kuvuka. Tena saa za kukaa angani ni sehemu ndogo ya siku nzima ya msafiri. Ndiyo maana nakuonyesha hapa namna ya kuyapima masafa haya wewe mwenyewe, kwa kalamu na simu ya kawaida, halafu kuyageuza kuwa saa unazoweza kuziamini, tangu mlango wa nyumba ya Nairobi hadi baraza ya nyumba ya Langoni, mjini Lamu. Wa Malindi nao nimewawekea hesabu yao humu, na ina jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Hatua ya kwanza: chagua ncha mbili za kipimo

Wengi hupotea hapa kabla hata hesabu haijaanza. Ukiandika "Lamu" kwenye ramani ya simu, alama inaweza kuangukia mjini, au ikaangukia katikati ya kaunti nzima, na kaunti yenyewe ni kubwa, inafika hadi mpaka wa Somalia. Ndege za abiria hazitui sehemu hizo. Zinatua Manda, ng'ambo ya mkondo unaotazamana na mji. Kwenye tiketi uwanja huo huandikwa kwa herufi LAU.

Jihadhari na jina linalofanana nalo. Manda Bay ni kiwanja cha kijeshi kilichoko bara, upande wa Magogoni. Ukiweka alama yako hapo utapata kilomita zisizo zako.

Upande wa Nairobi viwanja ni viwili, na vimeachana kwa kilomita 12 hivi. Wilson (WIL) uko Lang'ata Road, JKIA (NBO) uko upande wa Mombasa Road, Embakasi. Kwa masafa ya angani tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa foleni ya magari ni jambo kubwa, na nitalirudia.

Andika nambari hizi mahali. Ni mahali pa kila uwanja kwa digrii, zilizokatwa hadi tarakimu mbili baada ya nukta, na kwa kazi yetu zinatosha kabisa:

Wilson: 1.32 kusini, 36.81 mashariki
JKIA: 1.32 kusini, 36.93 mashariki
Manda (Lamu): 2.25 kusini, 40.91 mashariki
Malindi: 3.23 kusini, 40.10 mashariki
Moi, Mombasa: 4.03 kusini, 39.59 mashariki

Ukitaka kuzihakiki, bonyeza kwa muda mrefu juu ya njia ya kurukia ndege katika ramani ya simu, nambari zitatokea zenyewe. Programu nyingi za ramani pia zina chaguo la kupima umbali kati ya alama mbili. Litumie, lakini litumie baada ya kufanya hesabu kwa mkono, ili ujue simu inakwambia nini.

Hatua ya pili: fanya hesabu kwa mkono

Mzingo wa dunia ni takriban kilomita 40,000. Gawanya kwa digrii 360, utapata kilomita 111 kwa kila digrii moja. Hiyo ndiyo nambari pekee unayohitaji kuikumbuka.

Toa latitudo kwa latitudo: 2.25 kutoa 1.32 ni 0.93. Zidisha kwa 111, unapata kilomita 103. Hicho ndicho kiasi ambacho ndege inashuka kwenda kusini.

Toa longitudo kwa longitudo: 40.91 kutoa 36.81 ni 4.10. Zidisha kwa 111, unapata kilomita 455. Hicho ndicho kiasi ambacho inakwenda mashariki.

Sasa una pande mbili za pembetatu yenye pembe mraba, na njia ya ndege ni ule upande mrefu. 103 mara 103 ni 10,609. 455 mara 455 ni 207,025. Jumla yake ni 217,634. Bonyeza alama ya kipeuo cha pili kwenye kikokotoo: 466.5. Ukitumia digrii zenye tarakimu nyingi zaidi unafika 467. Hesabu ya darasa la nane imekupa jibu linalolingana na la mashine, isipokuwa kwa kilomita moja tu.

Njia hii inafaa kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyokwenda kwenye ncha za dunia, kwa hiyo digrii moja ya kwenda mashariki hupungua urefu. Cairo, kwa mfano, digrii hiyo ni kama kilomita 96 tu, na huko hesabu yetu ingedanganya. Kati ya Nairobi na Lamu upungufu ni chini ya sehemu moja katika elfu. Hata mviringo wa dunia wenyewe hauna athari ya kuhesabika kwa masafa mafupi namna hii. Mwalimu wa hisabati au jiografia wa pwani asiyetumia bahati hii darasani anakosa somo tamu, kwani ukiwa London huwezi kufundisha jambo hili kwa wepesi huu.

Kwa wanaopenda karatasi: fungua atlasi yenye skeli ya 1:5,000,000, pima kwa rula kutoka Nairobi hadi Lamu. Sentimita moja ni kilomita 50, basi rula itakuonyesha sentimita tisa na kitu.

Rubani naye hatasema kilomita. Atasema maili za baharini, zile zile za nahodha. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, na asili yake ni sehemu moja ya sitini ya digrii ya latitudo. Gawanya 467 kwa 1.852, utapata maili 252. Kwa hiyo mtu wa jahazi na mtu wa ndege wanatumia kipimo kimoja, sisi abiria ndio tuliojitenga nao.

Hatua ya tatu: geuza kilomita kuwa saa

Hapa uliza swali moja: ni ndege ya aina gani? Njia ya Lamu hutumiwa zaidi na ndege za mapangaboi, na kasi zake zinapishana sana. Dash 8 Q400, iliyo ndefu, huenda karibu kilomita 650 kwa saa. Dash 8 ndogo huenda karibu 500. Cessna Caravan, yenye pangaboi moja, chukua 300 kwa makadirio ya salama.

Gawanya masafa kwa kasi. Q400 kutoka JKIA: 455 kwa 650, dakika 42. Dash 8 ndogo kutoka Wilson: 467 kwa 500, dakika 56. Caravan kutoka Wilson: saa moja na dakika 33. Kila moja iongezee dakika 15 hivi za kujikokota uwanjani, kupanda, kushuka na kujipanga kutua, kwa kuwa ndege haiendi kwa kasi yake kamili tangu inapoinuka. Ndipo utaelewa kwa nini tiketi inaandikwa saa moja na dakika kadhaa hali kilomita ni zile zile.

Kisha upepo. Njia ya kwenda Lamu inaelekea mashariki, ikishuka kidogo kusini. Sisi wa pwani tuna pepo mbili kuu: kaskazi, inayovuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi hivi, na kusi, inayovuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi Oktoba au karibu yake. Zote mbili zina asili ya mashariki. Kwa hiyo ndege inayokwenda Lamu mara nyingi inakabili upepo, na inayorudi Nairobi inasukumwa nao. Chukua mfano wa upepo wa kilomita 40 kwa saa unaokuja usoni mwa ndege ya kasi ya 500. Kwenda, kasi juu ya ardhi ni 460, na safari ni dakika 61. Kurudi ni 540, dakika 52. Dakika tisa za tofauti, na kilomita hazikubadilika hata moja.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni vituo. Baadhi ya safari hupitia Malindi au kwingine kabla ya kufika. Ukipitia Malindi, masafa huwa 422 jumlisha 141, yaani kilomita 563. Umeongeza karibu kilomita 100 angani, na kutua kumoja na kuruka kumoja, ambako ndiko kunakokula wakati zaidi. Soma tiketi kabla ya kulipa: kama saa za kuondoka na kufika zimeachana kwa saa mbili, ujue pana kituo katikati, au ni ndege ndogo.

Hatua ya nne: linganisha na Malindi, Mombasa na barabara

Rudia hesabu ya hatua ya pili kwa viwanja vingine. Wilson hadi Malindi utapata kilomita 422. Wilson hadi Moi, Mombasa, utapata 431.

Isome tena. Kwa ndege, Malindi iko karibu na Nairobi kuliko Mombasa. Kwa barabara mambo ni kinyume, kwa kuwa mtu wa Malindi hupitia Mombasa kisha akaongeza kilomita 120 nyingine kupitia Mtwapa na Kilifi. Pwani yetu haishuki wima. Inapanda ikielekea kaskazini-mashariki, na Malindi imeinuka kaskazini kiasi cha kufidia kule kujisogeza kwake mashariki. Wafanyabiashara wa Malindi wanaozoea kudhani nauli ya ndege lazima iwe juu kwa sababu "ni mbali kuliko Mombasa" watafute sababu nyingine: ukubwa wa ndege, idadi ya abiria, msimu. Masafa hayana hatia.

Manda hadi Malindi ni kilomita 141 angani. Kwa gari, kutoka jeti ya Mokowe, upande wa bara wanakovukia watu wa Lamu, hadi Malindi ni takriban 220, kwa sababu barabara huingia bara kupitia Witu hadi Garsen ndipo igeuke kusini, ikilikwepa eneo la maji la mlango wa Mto Tana. Manda hadi Mombasa ni 246 angani, na karibu 340 kwa barabara. Nairobi hadi Mokowe kupitia Mombasa unavuka kilomita 800. Linganisha na 467: angani unasafiri zaidi kidogo tu ya nusu.

Kuna ulinganifu mwingine ambao hunipendeza. Reli ya SGR iliyofunguliwa 2017, kutoka Nairobi hadi Mombasa, ina urefu wa takriban kilomita 472. Kama reli hiyo ingenyooshwa na kuelekezwa kwetu, ingefika Manda na kuipita kidogo.

Kwa anayepima mfuko, njia tatu ndizo zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni ndege moja kwa moja. Ya pili ni treni hadi Mombasa, saa tano hadi sita, kisha basi hadi Mokowe. Ya tatu ni ndege hadi Malindi kisha basi, na hiyo huwafaa watu wakati viti vya Lamu vimejaa, hasa wiki ya Maulidi. Kwa zote zenye basi, kitambulisho kiwe mfukoni na si ndani ya begi lililoko buti, kwani vizuizi vya polisi kati ya Garsen na Mokowe ni vya kawaida na kila abiria hukaguliwa. Tena usipange kufika Mokowe jua likizama. Fika mchana, uvuke mchana.

Hatua ya tano: chagua uwanja wa kuondokea

Kwa kilomita, JKIA inakupunguzia 12 tu. Usiuchague uwanja kwa sababu ya hizo. Uchague kwa kuangalia unakaa wapi. Mtu wa Lang'ata, Kibera, Ngong Road au South C, Wilson iko karibu naye. Mtu wa Syokimau, Embakasi au Pipeline, JKIA. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway, iliyoanza kutumika 2022, imewarahisishia wa Westlands kufika JKIA ikiwa wako tayari kulipa.

Kampuni zinazoruka kutoka viwanja hivyo si zile zile. Jambojet inatumia JKIA. Safarilink inatumia Wilson. Kila mara soma kwenye tiketi jina la uwanja, si jina la mji, kwa sababu "Nairobi" pekee haitoshi, na kutoka Wilson hadi JKIA saa za foleni ni safari nyingine kamili.

Mizigo nayo ina hesabu yake. Ndege ndogo zinazotoka Wilson mara nyingi huruhusu kilo 15 tu, na hupendelea mabegi laini kuliko masanduku magumu, kwa kuwa sehemu ya mizigo ni finyu. Anayekuja harusini na vitenge, mabuibui na zawadi za watu, apime nyumbani. Mzigo mzito utume kwa basi siku mbili kabla. Utakungoja Mokowe au mjini.

Kaa upande gani? Ukienda Lamu, Kilimanjaro iko kusini mwa njia, basi asubuhi yenye anga safi itazame kulia. Ndege hupita juu ya Ukambani, kisha nyika kavu kwa muda mrefu, halafu huukata Mto Tana kaskazini ya Garsen, mkanda wa kijani unaojipinda. Ukiuona Tana, jua umebakisha chini ya kilomita 100. Baada yake huanza mikoko na vijito vya maji ya chumvi, na hapo masikio yataziba, maana umetoka kwenye uwanja ulioko mita 1,690 hivi juu ya bahari unakuja kutua mita chache tu juu ya maji. Mpe mtoto mchanga ziwa au chupa wakati wa kushuka.

Hatua ya sita: vuka mkondo

Kipande hiki hakimo katika hesabu yoyote ya simu, na ndicho kinachoifanya Lamu kuwa Lamu. Kutoka uwanjani hadi mjini, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita mbili na nusu. Katika safari ya 467 huonekana si kitu. Lakini huwezi kuziendea kwa gari wala kwa miguu, na zina sheria zake.

Ukitoka uwanjani, mizigo hubebwa kwa mikokoteni hadi jetini, hatua chache tu. Pale maboti hungoja. Kuna ya abiria wengi, ambayo hungoja kujaa na ni ya bei nafuu, na kuna ya kukodi, ambayo huondoka ukitaka. Patana bei kabla mguu haujaingia botini, na useme wazi unakokwenda: mjini, Shela, Matondoni au Kipungani. Mjini ni robo saa au chini yake. Shela iko kusini zaidi, karibu na mlango wa bahari kuu, na safari yake ni ndefu kidogo. Anayefikia Shela asishukie mjini kwa kudhani ni mtaa wa jirani: kati yake ni kilomita tatu hivi za kutembea ufukweni, na ukiwa na begi kwenye jua la saa saba hutazifurahia.

Angalia maji. Kwetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hupwa sana, ngazi za jeti hubaki wazi zikiwa na utelezi, na boti hushuka chini kabisa ya usawa wa kuingilia. Kwa kijana ni kuruka tu. Kwa bibi wa miaka 80 ni jambo la kupangwa. Kama unamleta mzee, tazama jedwali la maji kabla ya kununua tiketi, uchague siku ya maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, au saa ambayo maji yamejaa. Binafsi naliona jambo hili kuwa la maana kuliko kuokoa shilingi elfu moja ya nauli. Tafadhali wapigieni simu jamaa wa kisiwani mapema, waje na mtu wa kumshika mkono.

Miezi ya Juni hadi Agosti kusi huchafua maji ya mkondo, hasa upande wa Shela. Simu na karatasi zitie kwenye mfuko usiopitisha maji, na mtoto avae jaketi la kuokolea. Kama nahodha hana la kumpa, panda boti nyingine.

Ukifika gati la mjini, hamali watakupokea. Vichochoro vya ndani ni vyembamba, gari halipiti. Mzigo hubebwa kwa rukwama, kwa bega au kwa punda. Ndiyo hali ya mji huu wa kale uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001.

Sasa jumlisha mfano kamili. Mtu anaondoka Eastleigh. Saa moja ya foleni hadi Wilson. Saa moja ya kuwahi, kupima mizigo na kungoja. Saa moja na dakika kumi ya ndege. Robo saa ya kupata mizigo. Dakika 20 za boti pamoja na kusubiri. Robo saa ya kutembea hadi mlangoni. Jumla ni saa nne kamili, na angani amekaa chini ya thuluthi yake. Anayetaka kupunguza saa za safari ya Lamu asihangaike kutafuta ndege ya kasi zaidi. Aondoke nyumbani kabla ya foleni, abebe begi moja dogo, na apange mtu wa boti amngoje.

Hatua ya saba: jua, swala na saumu

Masafa ya kwenda mashariki ni masafa ya jua pia. Dunia hujizungusha digrii moja kila dakika nne. Tumeona kuwa Lamu iko digrii 4.10 mashariki ya Nairobi. Zidisha kwa nne: dakika 16. Saa za ukutani ni zile zile, lakini jua la Lamu huchomoza na kuchwa takriban robo saa kabla ya la Nairobi. Usitumie ratiba ya swala ya Nairobi ukiwa kisiwani. Mwezi wa Ramadhani jambo hili hugusa saumu yenyewe: daku ya Lamu hukatika mapema, na magharibi huingia mapema. Aliyekuja na ratiba ya Eastleigh akaendelea kula mpaka dakika yake ya mwisho, huku alfajiri imeshaingia.

Kuhusu kupunguza swala, masafa ya safari kwa wengi hukadiriwa kuwa kilomita 80 na kitu. Nairobi imepita mara nyingi, na Malindi nayo imepita, hata ukiipima kwa ndege badala ya barabara. Ufafanuzi zaidi muulize shehe wako.

Hatua ya nane: kama safari ni ya mgonjwa

Natamani kila familia ya Lamu ingeijua hesabu hii kabla ya kuihitaji. Ndege ya wagonjwa inayotoka Wilson, kama zile za AMREF Flying Doctors, huduma iliyoanzishwa mwaka 1957, haikai Manda ikingoja. Huitwa, hujiandaa, huja, kisha hurudi. Kwa hiyo masafa ni 467 mara mbili, kilomita 934. Kwa ndege ya kasi ya 500 ni karibu saa mbili za angani pekee, kabla ya kuhesabu maandalizi, kutua, na kumpakia mgonjwa.

Na mgonjwa mwenyewe yuko upande wa pili wa maji. Kutoka hospitali ya King Fahd au kutoka nyumbani, lazima abebwe hadi gatini, awekwe botini, avushwe hadi Manda, apandishwe jetini. Basi ndege inapoitwa, boti iitwe dakika hiyo hiyo. Ulizieni hali ya maji. Mtu mmoja atangulie Manda na simu yenye chaji. Kitambulisho cha mgonjwa, kadi ya bima na barua ya daktari viwe katika bahasha moja, mkononi mwa yule atakayesafiri naye. Wa pili abaki na mawasiliano na Nairobi, ili ambulensi iwe Wilson ndege inapotua, si baada ya kutua.

Mama mwenye mimba inayokaribia siku zake asingojee hesabu hii. Mashirika ya ndege huweka mipaka ya wiki na hudai barua ya daktari, kila moja kwa utaratibu wake. Kama daktari amesema ajifungulie Mombasa au Malindi, avuke mapema, wakati bado anaweza kupanda ngazi ya jeti bila kushikwa.

Hatua ya tisa: kurudi

Hesabu ya kurudi ianzie kwenye ndege kisha irudi nyuma. Ndege ikiwa ni ya saa nane mchana, uwe uwanjani Manda saa saba. Ili uwe Manda saa saba, boti iondoke mjini saa sita na nusu, na kutoka Shela saa sita na robo. Ili uwe gatini saa sita na nusu, mzigo utoke nyumbani saa sita na dakika kumi. Siku ya Ijumaa mambo hubadilika, kwa maana wakati huo huo watu wanakwenda msikitini, hamali na manahodha nao wakiwemo. Ukiwa na ndege ya Ijumaa mchana, mpatane na mtu wa boti tangu Alhamisi jioni, au uvuke asubuhi na kungojea Manda.

Miezi ya mvua za masika, hasa Mei, ratiba hupungua na ndege huchelewa kwa mawingu. Usiunganishe ndege ya Lamu na ndege ya nje ya nchi siku ile ile kwa nafasi ya saa mbili. Weka usiku mmoja Nairobi katikati, au chukua ndege ya asubuhi kama ya nje inaondoka usiku, na kumbuka kwamba ukitua Wilson bado una barabara hadi JKIA.